Bati la nane: chenga za mdalasini zimebaki juu

Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja jioni, nilitoa katika oveni bati la nane la keki ya mdalasini, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mradi huu chenga zilikuwa pale pale nilipoziweka, yaani juu, tena zikiwa bado chenga. Nilipoikata keki baada ya nusu saa, kisu kilipita kwanza katika tabaka linalovunjika kwa sauti ndogo, kisha kikazama katika keki laini, na mpaka kati ya viwili hivyo ulinyooka kama umepigwa kwa rula. Mpaka huo nimeungoja wiki saba, na ninauandika sasa wakati vipimo vyote vingali vibichi katika daftari langu.

Waokaji wenzangu wanaijua keki hii. Ni ile ambayo Wamarekani huiita keki ya kahawa kwa kuwa huliwa pamoja na kahawa, ingawa ndani yake hamna hata punje ya kahawa, nayo hufunikwa kwa kile ambacho Wajerumani hukiita streusel, yaani unga, sukari na siagi vilivyofikichwa kwa vidole mpaka vikawa chenga. Chenga ndilo neno nitakalolitumia, kama tunavyosema chenga za mchele. Mimi huioka kwa unga wa boksi, ule uliokwisha kutiwa mafuta, chumvi na bekingi poda kiwandani, kwa sababu hurudi nyumbani Buruburu, hapa Nairobi, jioni nikiwa nimechoka na sitaki kuanza kupima vitu kumi. Vipimo vya boksi ni vyepesi: vikombe viwili vya unga wake, theluthi mbili za kikombe cha maziwa, vijiko viwili vya sukari, yai moja, kisha chenga za unga huo huo, sukari, siagi na mdalasini, kisha nyuzi 190 kwa dakika 20 hivi. Katika maelezo hayo hamna hatua ngumu hata moja, na ndiyo maana kushindwa kwangu kuliniuma sana.

Tatizo lilikuwa hili. Kila mara keki iliumuka kwa haraka na kwa fahari katika dakika kumi za kwanza, ikapanda hadi karibu na ukingo wa bati, kisha ikanywea katikati na kuzimeza chenga zote. Nilipoikata nilikuta mfereji wa sukari iliyoyeyuka ukipita ndani kama mshipa, na juu kumebaki ngozi ya kahawia inayonata. Ladha yake haikuwa mbaya, na majirani waliimaliza bila kulalamika, lakini keki ya chenga isiyokuwa na chenga ni kitu kingine, na mimi sikuwa nimekusudia kuoka kitu kingine.

Mabati mawili ya kwanza niliyaoka kwa kufuata boksi neno kwa neno, na yote mawili yalizama. Katika bati la tatu niliishuku siagi. Nilidhani kwamba inayeyuka mapema mno, kabla rojo halijashika, kwa hiyo niliacha margarini na kununua siagi halisi ya maziwa, nikazifikicha chenga zikiwa baridi, nikazilaza katika friza saa nzima, nikazinyunyiza zikiwa ngumu kama kokoto. Zilizama zile zile, ila zilichelewa kidogo. Nilikaa mbele ya kioo cha oveni nikizitazama zikienda, moja baada ya nyingine, kuanzia katikati kuelekea pembeni.

Katika bati la nne niliigeukia oveni. Yangu ni ya gesi, iko chini ya meko manne, na kitasa chake kina namba ambazo sasa naamini ziliandikwa kwa kukisia. Nilinunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, nacho kilinionyesha kwamba pale nilipodhani nina nyuzi 190 nilikuwa na 165. Hapa niseme wazi maoni yangu kuhusu vifaa: mtu yeyote anayeoka kwa oveni ya gesi ya nyumbani anunue kipimajoto kabla ya kununua bati la pili, kabla ya mashine ya kupigia mayai, kabla ya vikombe vya kupimia vya rangi. Tena vikombe hivyo viachwe kabisa, kwa maana kikombe cha unga uliochotwa kwa kushindiliwa na kikombe cha unga uliomiminwa taratibu hutofautiana kwa gramu thelathini au zaidi, na mizani ndogo ya jikoni huumaliza ubishi huo mara moja. Joto liliporekebishwa, keki iliiva vizuri zaidi, rangi yake ikapendeza, na kuzama kukapungua, lakini hakukukoma.

Bati la tano sitalisimulia kwa urefu. Nilioka keki bila chenga kwa dakika kumi, nikafungua oveni, nikazinyunyiza haraka na kuufunga mlango. Keki ilianguka papo hapo, kwa sababu baridi iliyoingia iliikuta ikiwa imejaa hewa na haijapata nguvu ya kujishikilia. Usiku huo nilikasirika kiasi cha kutotaka kuliona boksi lenyewe kabatini.

Mwanga ulitoka Mombasa. Nilikuwa nimemtumia dada yangu mkubwa boksi moja kwa basi la usiku, kwa kuwa watoto wake wanapenda mdalasini, na Jumapili alinipigia simu.

"Mdogo wangu, ile keki imetoka vizuri sana, chenga zimekaa juu kama zimebandikwa. Watoto wameshaimaliza."

"Dada, ulifuata vipimo vya boksi vile vile?"

"Vile vile, sikuongeza wala kupunguza. Nami sina hata hicho kipimajoto chako."

Unga ulikuwa ule ule, vipimo vile vile, na hata margarini aliyoitumia ndiyo ile niliyokuwa nimeiacha. Kilichotofautiana ni mahali. Yeye anaoka hatua chache kutoka baharini, nami ninaoka katika mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa inakandamiza kwa nguvu iliyopungua kwa karibu sehemu moja kati ya sita, na ndiyo sababu maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100, na maharagwe huchukua muda kuiva. Jambo hilo nililijua kuhusu maharagwe, wala sikuwahi kuliunganisha na keki. Gesi inayotolewa na bekingi poda haikuti uzito wa kuizuia, kwa hiyo mapovu yanatanuka kupita kiasi, kuta zake zinakuwa nyembamba, na zinapasuka kabla yai na unga havijashikana. Keki inanywea, na chenga ambazo zilikuwa zimelala juu ya povu zinakosa mahali pa kulalia.

Dawa inayojulikana na waokaji wa nyanda za juu ni kupunguza bekingi poda, kuongeza maziwa kidogo, na kupandisha joto ili keki ishike mapema. Hapo ndipo unga wa boksi ulipokuwa kikwazo, kwa kuwa bekingi poda iliyokwisha kuchanganywa ungani haiwezi kuchujwa. Unga wa namna hii umekuwa hivyo tangu Bisquick ilipoingia madukani Marekani mwaka 1931: faida yake yote ni kwamba kila kitu kimo ndani, na udhaifu wake ni huo huo. Nilizunguka na swali hili siku tatu, ndani ya matatu na mezani kazini, mpaka nikaona kwamba kisichoweza kutolewa kinaweza kuzimuliwa. Nikiondoa sehemu ya unga wa boksi na kuweka unga mtupu wa ngano mahali pake, uzito unabaki ule ule na bekingi poda inapungua.

Katika bati la sita nilizimua nusu kwa nusu, nikapita kiasi. Keki haikuzama hata kidogo, lakini ilitoka nzito na iliyobana, na kingo zake zilikauka, kwa maana pamoja na bekingi poda nilikuwa nimeyapunguza pia mafuta yaliyomo katika unga wa boksi. Katika bati la saba nilizimua robo tu, nikaongeza siagi kidogo iliyoyeyushwa ili kufidia mafuta, nikaongeza maziwa, nikapandisha joto hadi nyuzi 200. Keki ilisimama sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Ninakumbuka nilivyopiga makofi peke yangu jikoni.

Lakini chenga, ingawa hazikuzama, hazikuwa chenga. Zilikuwa zimetandazika na kuungana, zikawa kama biskuti moja nyembamba iliyofunika keki nzima. Siku hiyo nilielewa kwamba nilikuwa nikipigana na matatizo mawili yaliyovaa nguo moja. Kesho yake niliweka vichuguu viwili vya chenga katika trei moja, kimoja kilichofikichwa kwa unga wa boksi kama maelezo yanavyotaka na kingine kwa unga mtupu, vyote vikiwa na sukari, siagi na mdalasini kwa kipimo kimoja, nikavioka dakika kumi na tano bila keki yoyote chini yake. Kichuguu cha unga mtupu kilitoka kama kilivyoingia, punje juu ya punje. Kile cha unga wa boksi kiliumuka, kikalainika, kikatambaa, kikawa bapa. Bila shaka! Chenga zenyewe zilikuwa na bekingi poda na mafuta ya ziada ndani yake, zikawa zinajaribu kuwa keki. Sijapata kuona jambo lililofichika waziwazi namna hiyo, tena lilikuwa limeandikwa kwenye boksi tangu siku ya kwanza.

Basi bati la nane lilikuwa hivi, na ninaliandika lote ili nisilisahau. Rojo: gramu 180 za unga wa boksi, gramu 60 za unga mtupu, gramu 10 za siagi iliyoyeyushwa, vijiko viwili vya sukari, yai moja, mililita 185 za maziwa, likorogwe kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, kisha likaachwa bila kupigwa zaidi. Chenga: gramu 60 za unga mtupu, gramu 60 za sukari, gramu 45 za siagi baridi, kijiko cha chai kimoja na nusu cha mdalasini, chumvi kidogo sana; zikafikichwa mpaka nyingine zikawa kubwa kama maharagwe na nyingine ndogo kama mchele, kwa sababu zikilingana zote hushikana. Oveni nyuzi 200 kwa kipimajoto, trei ya katikati, dakika 22.

Mdalasini niliununua Ngara ukiwa magome mazima, nikautwanga kwa kinu na mchi na kuuchunga kwa chujio la chai. Ule wa kopo uliokaa rafuni miezi mingi una rangi bila harufu, na katika keki ambayo kiungo chake ni kimoja tu, huwezi kuuficha unyonge huo. Blenda nayo siipendekezi kwa kazi hii. Inaacha nyuzinyuzi zinazokwama menoni.

Nilikuwa nimepanga kwamba wiki hii ningelinganisha bati langu la mraba, nililotengenezewa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji kwa karatasi nene ya chuma, na bakuli la kioo nililopewa zawadi, kwa kuwa nashuku kwamba kioo, kinachopata joto polepole, kinaichelewesha keki kushika chini. Nilikuwa pia nimepanga kuweka tabaka la pili la chenga katikati pamoja na karanga zilizosagwa. Hayo yote yamesimama, kwa sababu sokoni nimekutana na sukari nguru.

Maelezo ya keki hizi hutaka sukari ya kahawia ya Kimarekani, iliyo laini na yenye unyevu wa molasi ndani yake. Sukari yetu ya kahawia ya dukani ni kitu tofauti kabisa: ni mikavu, punje zake ni kubwa, na baada ya kuokwa baadhi yake hubaki zikilia kati ya meno. Nguru, kwa upande wake, imechemshwa kutoka maji ya miwa bila kutenganishwa na molasi, na nilipouonja mchongo wake pale pale kwa muuzaji nilijua kwamba harufu ile, iliyo kati ya moshi na asali, imeumbwa kukaa na mdalasini. Jumatano usiku, bila kungoja Jumamosi, nilioka bati la tisa, nikikuna nguru kwa kikunio cha karoti na kuiweka mahali pa sukari yote ya chenga.

Ladha yake ni bora kuliko chochote nilichowahi kutoa katika oveni hii, na hilo nalisema bila kusita. Umbo lake halijawa sawa: nguru ina unyevu wake, iliyeyuka kabla unga haujakauka, na ilipopoa ikaganda kama kashata, hata kisu kikahitaji kusukumwa kwa mkono wa pili. Hata hivyo haikuzama. Keki iliyo chini ilisimama kama ile ya bati la nane, kwa hiyo najua kwamba safari hii ninashughulika na chenga peke yake. Nitajaribu nusu nguru na nusu sukari, na gramu 15 zaidi za unga mtupu, na nguru nitaikuna ikiwa imeganda kwa baridi ili isishikane mikononi. Kipande kilichobaki nimekifunga katika karatasi na kukiweka katika friza, kando ya siagi, mpaka Jumamosi.