Siku moja maishani mwangu: kompyuta 16, wanafunzi 48, programu nne

Saa 12:15 asubuhi

Maabara ya kompyuta ya skuli yetu, huku kaskazini mwa Pemba, hufunguliwa saa nzima na zaidi kabla ya kipindi cha kwanza. Leo Jumatatu, chumba kimefungwa tangu Ijumaa mchana, na unyevu wa kisiwani una chumvi ndani yake. Naanza na madirisha, kisha natazama matundu ya USB. Yakianza kuota kutu ya kijani, mausi hukatakata: kishale kinaruka, kinaganda, kinarudi. Kuchomoa na kuchomeka mara tatu nne mara nyingi hukwangua ile kutu. Isiposaidia, ni brashi laini na tone la spiriti, umeme ukiwa umezimwa, na kuliacha tundu likauke kabisa. Mashine iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa nayo huifungua ubavu kwanza, kwani sisimizi hupenda kuhamia kwenye pawa saplai.

Halafu TUKUZA, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, nione yuniti zilizobaki. Kompyuta ya mezani na kioo chake hula wati 80 hadi 100, kwa hiyo zote 16 zinafika wati 1,280 hadi 1,600, na projekta bado. Naziwasha nne nne, nikipumzika kidogo katikati, maana zikiwaka zote kwa mpigo swichi kuu huanguka. Ekstensheni moja, kompyuta nne. Ekstensheni juu ya ekstensheni hairuhusiwi humu: plagi hupata moto pale zinapoungana, na hakuna anayepaangalia.

Saa 12:50

Seva yetu ni kikompyuta cha Raspberry Pi 4, kinachoenea kiganjani, na ndani yake imo Kolibri, mfumo wa masomo unaofanya kazi bila intaneti. Wanafunzi huunganisha tableti kwenye waifai ya ruta yetu, wakafungua brauza, wakaandika anwani ya seva na 8080 mwishoni.

Vitu viwili huiharibu. Cha kwanza ni chaja ya simu. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Ukiipa chaja dhaifu inawaka vizuri, kisha darasa likijaa inazimika na kujiwasha. Ukiona alama ya radi kwenye kona ya skrini, ndiyo hiyo. Cha pili ni saa. Pi 4 haina betri ya kutunza saa, na bila intaneti haina pa kuiuliza. Ikizimwa Ijumaa na kuwashwa Jumatatu, inadhani bado ni Ijumaa ileile, na ripoti zote za wanafunzi zinaandikwa tarehe za uongo. Ama uirekebishe kwa mkono kila asubuhi, ama uifunge kifaa kidogo cha saa kama DS3231, chenye betri ya duara. Tulipofunga kifaa hicho, ripoti zikaanza kusomeka.

Saa 1:30. Hisabati, Kidato cha Kwanza

Wanafunzi 48, kompyuta 16, watatu kila moja. Wa kwanza anashika mausi, wa pili anasoma maagizo kwa sauti, wa tatu anaandika kwenye daftari. Kila dakika saba nagonga meza, wanabadilishana. Bila kugonga, aliyeshika mausi ndiye atakayejifunza peke yake.

Mada ni mteremko wa mstari, na programu ni GeoGebra. Hii ni programu ya kuchunguza. Haielezi somo wala haisahihishi. Kwa hiyo tunaanza na karatasi ya grafu. Kila kundi linachora y = 2x + 1 kwa x kuanzia −2 hadi 2, lipate −3, −1, 1, 3, 5. Baada ya hapo ndipo wanaandika mlinganyo uleule kwenye kompyuta, waone mstari wao umerudi. Mtoto ambaye hajawahi kuuchora kwa rula anaamini kompyuta ina mistari yake mwenyewe.

Kisha wanaandika y = m*x + c, m ikiwa mteremko na c pale mstari unapoukata mhimili wa y. Ile nyota muhimu, kwani matoleo mengine husoma mx kama jina la kitu kimoja. Vitelezi vya m na c, yaani vidude vya kukokota ili kubadili namba, huja vikiwa kati ya −5 na 5, hatua ya 0.1. Nabadilisha hatua iwe 1, la sivyo wanasimama kwenye 1.7 na hawawezi kuhesabu vyumba vya grafu. Na c naificha kabisa kwa dakika kumi za mwanzo. Ukiwapa vitelezi vyote viwili kwa pamoja, mstari unacheza, wao wanacheka, kipindi kinaisha.

Swali huja kabla ya mkono: "Mkiishusha m mpaka 0, mstari utalalaje? Andikeni kwanza." Daftari likishaandikwa ndipo mausi inaguswa.

Kosa la kuvizia hapa ni vipimo vya mihimili. Mwanafunzi akikokota mhimili wenyewe, chumba kimoja cha x hakilingani tena na cha y, na mstari wa m = 2 unaonekana umelala kama wa m = 1. Wawili walioketi jirani wanabishana na wote wana haki. Dawa yake ni kubofya upande wa kulia wa mausi na kurudisha uwiano wa 1 : 1. Nazunguka darasani nikitazama hilo kuliko jambo jingine lolote.

Saa 3:00. Fizikia, Kidato cha Pili

Hiki ndicho kipindi ninachokipenda kuliko vyote vya wiki. Tunatumia simulesheni, yaani mwigo wa kwenye kompyuta, ya sakiti ya umeme ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman. Simulesheni moja ni faili moja la HTML la megabaiti chache. Unalipakua mara moja, unalinakili kwenye mashine zote, linafunguka kwa brauza bila mtandao. Baadhi yake zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Hapa natumia ya Kiingereza kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza, ila mjadala tunaufanya kwa Kiswahili. Fikra huanza kwa lugha ya nyumbani, kisha tunazipa majina ya mtihani ubaoni.

Wanafunzi wengi huingia na imani moja: mkondo wa umeme ukipita kwenye globu hutumika, ukatoka mchache. Imani hii haiondoki kwa kuambiwa. Umeme hauonekani, na ampea mita zetu za kweli ni mbili tu, moja sindano yake imepinda.

Kila kundi linaunga betri moja, nyaya na globu moja. Betri ya simulesheni ni volti 9, ukinzani wa globu ni omu 10. Kabla ya kuweka ampea mita, kila mmoja, si kundi, anaandika makisio yake: kabla ya globu ampea ngapi, baada ya globu ngapi. Napita nikichungulia. Kuna 9 na 5, kuna 1 na 0, wengi wana namba kubwa mwanzo na ndogo mwisho. Sisahihishi kitu.

Wanaweka ampea mita ya kwanza: 0.90. Ya pili, upande wa pili wa globu: 0.90. Darasa linanyamaza, kisha linapiga kelele. Wapo wanaoamini mashine imeharibika, wanafuta na kuunga upya. Nawaacha. Ikitoka 0.90 mara ya tatu, wanaanza kuuliza swali lenyewe: "Sasa mwalimu, mwanga umetoka wapi?" Hapo ndipo nachukua chaki. Ubaoni tunatenganisha mkondo na nishati, na voltimita inawaonyesha volti 9 zilizoangukia kwenye globu.

Globu ya pili kwa mfuatano: 0.45. Globu mbili sambamba: 0.90 kila tawi, 1.80 kwenye betri. Wanaokariri kwamba globu zikizidi mkondo hupungua hukwama hapa, na kukwama huku ni kuzuri. Lazima lipo kundi litakalounga waya peke yake kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine. Betri ya kwenye skrini inawaka moto. Hilo nalitumia kurudi kwenye ekstensheni za asubuhi.

Dakika 15 za mwisho tunazima vioo na kuchukua vifaa vya kweli: betri mbili za tochi, globu mbili za tochi, vipande vya waya. Usiruke hatua hii hata muda ukibana. Betri ya simulesheni haiishi nguvu, na ukinzani wake wa ndani umewekwa 0 mpaka uubadilishe kwenye mipangilio ya ukurasa wa simulesheni uitwao Lab. Betri ya dukani ina ukinzani wake: ukiongeza globu ya pili kwa usambamba, ile ya kwanza inafifia kidogo. Kwenye skrini haikufifia. Ukinzani wa globu ya kweli nao hubadilika ikipata moto, kwa hiyo globu mbili kwa mfuatano hazitatoa nusu kamili. Asipouona utofauti huu, mwanafunzi ataichukua programu kuwa ndiyo dunia, na kifaa cha kweli kuwa kibovu.

Saa 4:20

Chai na mihogo ya kukaanga, nje ya maabara. Flashi zote za walimu hukusanywa wakati huu na kuchunguzwa kwenye mashine moja ya Linux isiyounganishwa na nyingine, kwa ajili ya vile virusi vinavyoficha mafaili na kuacha njia za mkato.

Saa 4:50. Kundi la marudio

Wanafunzi 14 wanaokwama kwenye kuzidisha. Hawa hawahitaji simulesheni. Wanahitaji mazoezi mengi ya haraka yenye majibu papo hapo, na TuxMath inatosha: vimondo vinaanguka vikiwa na maswali, unaandika jibu kukilipua kila kimoja. Dakika 12, kisha tunasimama. Zaidi ya hapo wanacheza kwa uchovu.

Ila usiziamini alama zake moja kwa moja. Mwanafunzi asiyezoea kibodi anajua kwamba 7 × 8 ni 56, lakini akiitafuta 5 kimondo kishafika chini. Alama inasema hajui kuzidisha, kumbe hajui kupiga vitufe. Kabla ya kumhukumu namwuliza kwa mdomo maswali kumi yaleyale. Leo wawili wameondolewa kwenye kundi kwa njia hiyo. Tatizo lao ni vidole, na watapewa mazoezi ya kuchapa.

Saa 6:00. Kolibri na tableti

Tableti 22, somo la sehemu, kama nusu na robo. Video ikichezwa kwenye tableti zote kwa pamoja, ruta ndogo kama yetu hulemewa: tano zinaendelea, zilizobaki zinazungusha duara. Kwa hiyo video ya dakika sita inaonyeshwa mara moja kwa projekta, ikisimamishwa kila dakika mbili kwa swali, na tableti zinabaki kwa mazoezi, ambayo hayana uzito.

Leo mvua imeshuka katikati ya video. Juu ya paa la bati, spika haisikiki hata ukiiongeza mpaka ikwaruze. Kila somo la video lina karatasi yake ya akiba yenye mchoro na maswali manne, na ndiyo tuliyoitumia.

Kwenye mazoezi, Kolibri humhesabu mwanafunzi ameiva akipata majibu sahihi ya kutosha, 3 katika 5 au 5 katika 7, kutegemea zoezi. Akifungua kidokezo, jibu hilo halihesabiwi. Waeleze mapema, la sivyo wanaona wanaonewa. Na ukiruhusu waingie kwa jina tu bila nywila, mambo huenda haraka, lakini pita uhakikishe kila mtu yumo kwenye jina lake.

Saa 8:15 mchana

Baada ya Adhuhuri na chakula, mwalimu wa msingi kutoka skuli ya jirani amekuja na diski yake.

"Mwalimu, nitilie hiyo Kolibri yote, niwafundishie darasa la nne."

"Wamekwama wapi, ustadhi?"

"Kwenye sehemu."

"Kuzielewa, au kuzikokotoa?"

Akafikiri. Kuzielewa, nusu na robo hawaoni ipi kubwa. Basi hatukumtilia yote. Chaneli nzima, yaani furushi zima la masomo ya Kolibri, yaweza kula makumi ya gigabaiti, na mwalimu hupotea ndani yake. Tulichagua mada moja kutoka Khan Academy ya Kiswahili na vipindi viwili vya katuni za Ubongo Kids, na nikamwomba akate maboflo (mikate) ya karatasi kwa siku mbili kwanza. Angesema kuzikokotoa, angeondoka na mazoezi matupu.

Saa 9:40 alasiri

Naisoma ripoti ya Kolibri. Sitazami wastani. Natazama wanaohitaji msaada, kisha nafungua jibu lenyewe. Saba wamekosa swali moja, na wote wamejibu 1/2 + 1/3 = 2/5. Huo si uzembe, ni kanuni waliyojitungia: kujumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Kesho hao saba watakaa meza moja na mikanda ya karatasi, bila tableti. Wapo pia wanne wasio na alama yoyote. Huu ni msimu wa kuchuma karafuu, na majina yao nayaandika pembeni ili wakirudi waanzie walipoachia.

Naitoa kumbukumbu ya wiki kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na kuinakili mahali pawili. Kisha kuzima. Kompyuta kwanza, projekta iachwe mpaka feni yake inyamaze, seva mwisho. Pi haichomolewi hivihivi. Ukiukata umeme inapoandika, memori kadi huharibika na kazi ya muhula mzima huenda nayo. Naiamuru izime, nakaa nikiitazama taa ya kijani inavyopepesa. Ikitulia nahesabu sekunde kumi, nachomoa waya.