Kinywaji au dawa?

Leo siku ya nne na swali lile bado linanizunguka kichwani. "Wifi, hiki ni kinywaji au dawa?"

Aliyeuliza ni wifi yangu. Hana ubaya. Ila aliuliza mbele ya watu wote, kikombe cha mvinyo wangu wa moto wenye viungo kakishika kwa mikono miwili kama mgonjwa anayebembelezwa anywe uji, nami nikajibu, "Kinywaji." Basi. Neno moja, kwa sauti ya mtoto aliyeulizwa nani kavunja sahani. Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, kisha akajitia kukohoa.

Tangu hapo majibu yanamiminika. Bafuni: "Dawa ya mdomo mrefu, wifi." Kwenye basi: "Maliza dozi kwanza, ukipona utaniambia." Yote matamu, yote yamechelewa. Jumanne nilipewa barua ya kuthibitishwa kazini, ile niliyoingoja miezi tisa. Nikaisoma, nikaikunja, nikarudi kwenye dawa.

Kinachoniuma ni kwamba alisema kweli. Wageni wanane, nje theluji, nami nina haraka ya kuwapasha moto. Nikamimina mvinyo mwekundu sufuriani na kila kitu kwa pamoja: mdalasini, karafuu kiganja kizima, machungwa mazima nimeyakatakata. Nikauacha utokote dakika ishirini. Pombe huchemka kwenye nyuzi 78, maji 100, kwa hiyo mvinyo ukitokota, pombe ndiyo inayotangulia kukimbia. Ule utando mweupe wa ganda la chungwa ukatoa uchungu wake wote. Na karafuu jamani! Mafuta yake ndiyo hayo madaktari wa meno huyatumia kutuliza maumivu. Ndiyo maana ulimi wangu ulikufa ganzi mpaka usiku. Wajerumani huuita mvinyo huu Glühwein, na kwa sheria ya Umoja wa Ulaya jina hilo halitumiki pombe ikipungua asilimia 7. Wangu wa Jumapili sijui ungeitwaje. Au tuseme ulishapewa jina.

Jana usiku, watu wamelala, nikarudi jikoni. Safari hii nilianza na shira: sukari, maji kidogo, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu nne (nilizihesabu), na ganda la chungwa lile la juu tu, nimelimenya jembamba. Shira ilipokolea nikatia mvinyo, chupa ya bei nafuu, maana wa bei mbaya kuutia viungo ni kuuonea. Moto mdogo. Mvuke ulipoanza kupanda, kabla ya povu hata moja, nikazima.

Nikanywa nimesimama dirishani, miwani imeingia ukungu, sioni theluji wala nini. Ukashuka taratibu hadi kwenye vidole vya miguu. Nikacheka peke yangu. Nikaongeza kikombe.

Uliobaki nimeuchuja na kuutia kwenye chupa, nikabandika karatasi: DAWA. Kutwa vikombe viwili. Ukipashwa moto polepole utakuwa vile vile. Ataonja Jumapili akija. Kumpigia simu kumwambia aje, hapana, hilo silifanyi.

Nilipokuwa pale dirishani niliinua macho nikaona alama ya maji kwenye dari, upana wa sahani. Asubuhi hii imefika kwenye taa.