Siku yangu ya kwanza kurusha ndege, na jioni nikarudi pampu namba 3

Kabla sijaanza, mimi si rubani. Ukiniona na shati jeupe ujue ni la kwaya. Mimi huuza mafuta kwa stesheni moja barabara ya Busia hapa Kisumu, pampu namba 3, na nimeweka pesa kwa chama cha akiba miaka miwili na nusu ndio nilipie somo moja la kurusha ndege. Moja. Naandika hii kwa sababu tangu wiki iliyopita watu wananiita Kapteni na kuniomba tiketi za Mombasa, wengine ati nitakuwa Koki Mutungi mwingine, yule mama rubani wa ile jeti kubwa, Dreamliner, na kuna mmoja aliniuliza kama ni kweli marubani hulala tu ndege ikijiendesha. Wacha niwaambie siku yenyewe ilivyokuwa.

Saa 10 na nusu alfajiri. Niliamka Obunga kabla simu ilie. Mama alikuwa ashawasha jiko, yeye hukaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, na nyumba yetu hunuka samaki hata Krismasi. Mwalimu alikuwa ameniambia mambo mawili, nilale vizuri na nisile kitu cha mafuta mengi, kwa hivyo nilibadilishana shifti ya usiku na mwenzangu (nitamlipa na Jumapili mbili, huyo hana huruma) na nikanywa chai na mkate mkavu huku mama akiniangalia kama mtu anayepelekwa operesheni. Akaniuliza, "Nyathina, kwani hiyo ndege iko na breki?" Nikasema iko nazo. "Huko juu?" Nikanyamaza nikamaliza chai.

Saa 12 na robo niko geti ya uwanja wa ndege. Askari ananiambia, "Siz, watu wa chai wanapitia upande ule." Nikamwambia nimekuja kujifunza ndege. Akaangalia viatu vyangu, raba za kazi zenye doa la dizeli, akapiga simu kwanza. Sikumlaumu, hata mimi ningepiga.

Kama ulidhani somo la kwanza la urubani ni miwani myeusi, langu lilikuwa ndoo. Ndege ni Cessna 172, viti vinne, mabawa juu, ndani ndogo kuliko nissan ya Kondele, na mlango ukiufunga unalia kama wa Probox. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na wale wadudu wa ziwa, sam, walikuwa wamejibandika mbele ya mabawa na kwa kioo kama uji uliokauka. Kapteni (mwalimu wangu, mzee mpole, anaongea polepole) akanipa kitambaa akasema uchafu mbele ya bawa unasumbua hewa inayopita, na bawa bila hewa safi ni bati tu. Nikasugua. Nusu saa. Hakuna mtu alinipiga picha.

Halafu akanipa kikombe cha plastiki, unaona ndani, kina kijiti katikati, ukikisukuma pale chini ya bawa mafuta yanamwagikia ndani. Hapo nikajisikia nyumbani. Mafuta ya hizi ndege ndogo ni ya samawati, yametiwa rangi makusudi yasichanganywe na mengine, maana injini kama hii ukiiwekea mafuta ya jeti inaweza kuwaka na kile kidogo kilichobaki kwa mifereji halafu ikuzimikie ukishaacha ardhi. Sisi wa pampu tunaijua hiyo hofu. Ukimwekea mtu dizeli kwa gari ya petroli, mshahara wa mwezi umeenda na bado utatukanwa. Basi nikainua kikombe kwa mwanga nikaona kitu kinatembea chini yake, kitone kidogo kama punje ya ndengu, kinateleza peke yake hakitaki kuchanganyika. Maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na chini ndiko injini inakonyonya. Kapteni hakuwa hata amesema kitu, nikamwambia hii iko na maji. Tukamwaga, tukachukua tena, bado kadogo, tukachukua ya tatu, safi. Akaniuliza nimejulia wapi. Nikamweleza kwa stesheni kila asubuhi tunatumbukiza kijiti kwa tangi la chini, tumekipaka ile dawa ya maji, ikigusa maji inabadilika rangi, na ikibadilika hakuna kuuza mpaka bosi aje. Akatingisha kichwa akasema kuna wanafunzi wanafikisha masaa 10 ya kuruka bado wanaangalia kikombe kama wanaangalia soda. Wueh, hiyo sifa niliibeba siku nzima.

Tukaangalia oili, tukapitisha mkono kwa propela tukitafuta mikwaruzo, tukatoa kifuniko cha kamrija kalikotokeza chini ya bawa la kushoto. Hako kamrija ndiko kanakopima spidi kwa kusukumwa na upepo, na nyigu akijenga ndani basi mita ya spidi inakudanganya mchana kweupe.

Kutoka saa 1 mpaka saa 3 na nusu tulikaa. Wingu lilikuwa limelalia milima ya Nandi, na ndege inayoenda kwa macho haitoki uwanja kama huu kama huoni mbele kilomita 5 au kama wingu liko chini ya futi 1,500. Kapteni akachora bawa kwa ubao akafuta akachora tena.

Saa 3 na dakika 40 tukaingia, mikanda, nikapiga kelele dirishani kuambia watu wakae mbali na propela (hakukuwa na mtu, ni kunguru mmoja), injini ikawaka. Na hapa sasa ndio sehemu yenye iliniuma.

Kwa dashibodi kuna mita ndogo ya masaa. Injini ikiwaka inaanza kuhesabu, na inahesabu kwa sehemu za kumi, yaani kila dakika 6 namba moja inaruka, na hapo ndipo bili yako inatoka. Haijali uko hewani ama uko chini. Mimi maisha yangu ni mita. Najua macho ya mteja akiiangalia, ile anahama kutoka shilingi kwenda lita kurudi shilingi kama mtu anapigwa na ngumi za polepole. Sikuwahi kuwa mimi huyo mteja.

Kwanza kuendesha ndege chini ni kwa miguu. Usukani uko pale lakini chini haupindi kitu, unakanyaga pedali. Mimi nimewahi sukuma gari za watu pale stesheni, mkono wangu unajua steringi, kwa hivyo Kapteni aliposema pinda kulia nikazungusha usukani wote kulia na ndege haikunijali hata kidogo, ikaendelea kwenda kwa nyasi. "Miguu, binti. Miguu." Nikakanyaga, ikaruka upande ule mwingine. Tulienda ile njia kama mlevi anatoka kilabuni Jumamosi, na namba ikaruka, moja.

Tukafika mwisho kabla ya barabara ya kurukia, mnara (wale wanaoongoza ndege kwa redio) ukasema ngoja, kuna jeti ya Nairobi inatua. Sawa. Tukangoja. Hakuna eyakoni humo, jua la Kisumu limetoka ghafla baada ya wingu, vioo pande zote, jasho linaingia machoni na siwezi kupangusa kwa sababu nimeshika vitu viwili nisivyovijua kazi. Namba mbili. Jeti haionekani. Mnara ukasema ngoja tena, kuna ndege wa kawaida, wale wa mabawa ya manyoya, wametua kati ya barabara na lazima gari liende kuwafukuza. Nilitaka kulia yawa. Miaka miwili na nusu ya chama, nikikataa soda, nikitembea kutoka kazini mpaka Kondele kuokoa nauli, na pesa inaungua pale nikiwa nimepaki, kwa sababu ya korongo. Nikamuuliza Kapteni kama tunaweza kuzima injini tuwashe baadaye. Akacheka akasema mnara unaweza kutuita sasa hivi. Jeti ikatua, kubwa, ikapita mbele yetu na moshi wa magurudumu. Nikasema asante Mungu. Mnara ukasema subiri kidogo, hewa aliyoacha nyuma inazunguka na inaweza kupindua kadogo kama haka. Namba tatu. Dakika 18 hizo, na sijatoka chini.

Kitu kingine nikaona hapo nikiwa nimenuna, mita ya urefu ilikuwa inasoma futi 3,700 na kitu na magurudumu yako kwa lami. Nikamwambia Kapteni hii imeharibika, haijaanzia sufuri. Akasema inahesabu kutoka baharini, Kisumu yenyewe iko juu hivyo. Na kwa sababu tuko juu tayari na kuna joto, hewa ni nyepesi, injini na mabawa vinafanya kazi kama tuko zaidi ya futi 6,000, kwa hivyo nisitegemee kupaa kama roketi.

Kweli hatukupaa kama roketi. Barabara ni ndefu, zaidi ya kilomita 3 imejengewa jeti, sisi tulikimbia kipande tu, spidi ikafika noti 55, hiyo ni kama kilomita 100 kwa saa, matatu ya Busia hutupita hapo na abiria wamesimama, na Kapteni akavuta kidogo na mtetemo wa magurudumu ukaisha. Ukaisha tu. Chini ya miguu yangu kukawa na maji.

Sitaweza kueleza yote. Gugu maji limelala kama kapeti imekatwa vibaya, vizimba vya samaki ni viduara vimepangwa, na mbali kuelekea kisiwa cha Ndere kulikuwa na moshi mweusi umesimama juu ya ziwa nikadhani boti inaungua. Walikuwa ni sam. Mamilioni yao, nguzo nzima. Kapteni akazunguka mbali nao, akasema, "Kioo umekiosha wewe, sitaki uoshe tena."

Juu ya Seme, mita ikisoma 5,500, akaniambia, kwa Kiingereza maana hapo hakuna mchezo, kwamba ndege ni yangu, na mimi nikarudisha maneno hayo hayo kwamba nimeichukua. Mikono yake akaiweka kwa magoti. Nikashika ule usukani kama mtu anashika mwizi. "Vidole viwili," akasema. Nikaachilia kidogo, pua ikashuka, nikavuta, ikapanda sana, nikasukuma, tumbo likabaki juu. Macho yangu yote kwa mita. Spidi, urefu, spidi, urefu, nakimbiza sindano na sindano inanikimbiza mimi. Ndio Kapteni akatoa kipande cha katoni chini ya kiti akafunika mita zote. Zote! Akasema angalia nje, weka pua pale chini ya upeo wa macho, vidole vinne chini, uiache hapo. Nikahisi kama nimeambiwa niuze mafuta bila kuangalia pampu. Lakini nikaangalia nje, nikaweka, nikangoja. Alipotoa katoni tulikuwa tumepoteza futi 40 tu.

Kupinda nako ni hadithi, ukilaza bawa kulia pua kwanza inakwenda kushoto kidogo kama mtoto mkaidi mpaka umsaidie na mguu, na mimi kila mara nilisahau mguu. Kwa ya nne jasho likawa baridi, ule mkate mkavu ukanikumbuka. Sikutapika. Nilikaribia.

Wakati wa kurudi tulipita karibu na stesheni yetu na nikaona paa lake kutoka juu, kwa mara ya kwanza, na huwa tunaipanguza ile pembe ya mbele ing'are kwa wateja lakini juu ni kutu tupu na tairi mbili kuukuu sijui nani alizipandisha. Kapteni ndiye alitua. Mita ikasema 1.1, akaandika kwa kitabu changu kipya, na nikalalamikia zile dakika za kungoja, akaniambia nazo zimehesabiwa, saa za rubani zinaanza ndege ikitembea. Leseni ya kwanza ya kibinafsi inataka masaa 40. Zimebaki 38.9. Hata cheti cha daktari bado sijafanyiwa.

Shifti ilikuwa saa 8 mchana na nilifika nimechelewa dakika kumi, nikakatwa macho. Sijui saa ngapi hasa, mvua ya jioni ilikuwa imeanza kunguruma upande wa ziwa, mzee mmoja na pikapu akataka ya elfu moja, nikamwonyesha sufuri kama kawaida, nikajaza, halafu akasema haikuanzia sufuri. Nikasema mzee nilikuonyesha. Akasema nyinyi wote wezi. Foleni nyuma inapiga honi, anashuka, anaita meneja, anataka kamera. Siku ingine ningechemka. Nilikumbuka tu ile futi 3,700 nikiwa kwa lami na kicheko kikanitoka, bana kicheko kibaya, na mzee akazidi kukasirika ati namcheka. Kamera ilichukua dakika 20. Sufuri ilikuwa hapo. Hakuomba msamaha, aliomba kalenda.

Miguu inauma. Si ya kusimama, ni ya pedali. Mwenzangu wa pampu ya pili akaniuliza huko juu kulikuwaje, nikasema joto, na hapo boda watatu wakaingia na mvua.

Nilifika nyumbani saa 5 usiku kasoro. Mama hajalala. Hakuniuliza kama niliogopa. Aliuliza kama nimeona nyumba yetu. Nikasema nilipita mbali lakini Obunga niliiona, mabati mengi. Akasema hayo mengine hana haja nayo, lile la jikoni, linavuja upande gani, wa choo ama wa mwembe? Nikamwambia sikuweza kuona hivyo. Akageukia ukuta akasema basi siku ingine nimwambie huyo mzee apite chini kidogo.