Ushauri wa kazi usiishie kwa mtu mmoja

Wengi wanaonijia hapa Changamwe, Mombasa, kutaka ushauri wa kazi huanza na vyeti: nisomee nini, wapi, na kitanipatia ajira gani. Ni swali la haki, lakini naamini halijibiki vizuri mpaka tujue ni nani wanaomtegemea muulizaji nyumbani, na ni nani atakayeshika majukumu yake wakati yeye anasoma.

Frank Parsons, aliyeanzisha ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, alifundisha kwamba mtu ajijue mwenyewe, azijue kazi zilizopo, kisha apime mawili hayo kwa akili timamu. Utaratibu huo una manufaa hadi leo, ila hautoshi pale kazi yenyewe inapohama. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza kusafirisha makontena mwaka 2018, na baadaye ikaamriwa mizigo ya bara ipite relini, madereva wa malori, utingo, wenye gereji na wauza chakula wa kando ya barabara ya Mariakani walipungukiwa na riziki bila kosa lao. Mwaka 2022 Rais William Ruto aliagiza shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe bandarini, lakini aliyekwisha kuuza lori lake hakurudishiwa na agizo hilo.

Dereva mmoja wa siku nyingi alikuja na mkewe, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba kwa mahamri na mbaazi za alfajiri. Nilipomuuliza mume siku yake inavyokwenda, alinyamaza akiangalia funguo alizoshika. Mke akasema kwa upole, "Baba watoto, mweleze pia kwamba karo sasa wanakuja kuniomba mimi, na wewe jambo hilo linakuuma." Mazungumzo yetu ya maana yalianzia hapo.

Donald Super, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1980 kwamba mtu huwa na nafasi kadhaa kwa pamoja, za mtoto, mwanafunzi, mfanyakazi, mwenzi na mzazi, na kwamba uzito wa kila nafasi hubadilika kadiri maisha yanavyosonga. Bwana huyu alijihesabu kuwa dereva tu, na udereva ulipokwisha akajiona hana nafasi hata mezani kwake. Kumbe alikuwa ametengeneza injini njiani miaka yote. Tulikubaliana ajiandae kwa mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, ambao hata asiyepita chuoni anaweza kuufanya, na asubuhi awapeleke watoto shule ili mkewe amalize biashara bila kukatizwa.

Siku hizi huwaomba wanaonijia waje na mtu wa nyumbani: mke, mume, dada mkubwa, hata mama mzazi. Wako wanaokataa, hasa wanaume, kwa kuona ni kuanika mambo ya ndani. Siwalazimishi, naanza nao peke yao, nikiwaomba waniandikie ni nani nyumbani atakayeguswa na uamuzi wao, na kwa namna gani.