Daftari letu la prostati hapa Bukavu

"Ukikojoa vizuri, prostati yako ni nzima." Neno hilo juu ya prostati, tezi ya mwanaume iliyo chini ya kibofu, nimelisikia Kadutu, nimelisikia Nyawera, na ndugu yangu mkubwa aliliamini mpaka mgongo ulipomlaza. Miezi mingi alimeza dawa za baridi yabisi. Jamaa wengine wakasema ni karuho, yaani sumu ya kutegewa na mtu, wakampeleka kwa mtu wa kutapisha. Alipofika kwa daktari wa njia ya mkojo, kansa ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa.

Mkojo wake haukumsumbua hata siku moja. Baada ya msiba ndipo daktari alinieleza: kansa hii mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na njia ya mkojo, kwa hiyo hukua bila kumzuia mtu. Mzee anayeamka mara tano usiku, mara nyingi tezi yake imekua kwa umri tu. Akaniambia pia kwamba sisi watu weusi hupatwa zaidi, na mwenye ndugu wa damu aliyeugua asingoje miaka 50 ndipo apimwe. Mimi nilikuwa na 46.

Kipimo cha kwanza nilikiharibu mwenyewe. Nilikuwa nimerudi kutoka Kavumu na homa, mkojo unachoma. Kwa kuwa nilikwisha kufika labo, nikasema watoe na damu ya PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza prostati, nimalize mambo yote safari moja. Jibu likaja 11. Muuguzi mmoja akaliangalia, akatikisa kichwa, akaniambia nianze kutafuta pesa ya operesheni. Siku nane sikulala. Nilimwonyesha bibi yangu wa ndoa makaratasi ya kiwanja, nikamwambia nani ana deni langu na ni kiasi gani. Ni yeye aliyekataa: "Papa, mtu hakatwi kwa sababu ya karatasi moja. Turudi kwa daktari wa mkubwa wako." Daktari aliuliza kwanza kama mkojo ulikuwa unachoma. Maambukizo peke yake hupandisha PSA! Akanipa antibiotiki, akanikataza kurudia kipimo kabla ya wiki sita. Jibu la pili lilikuwa 2.3. Ile karatasi ya 11 ninayo bado, ninawaonyesha wale wanaotaka kukimbilia labo wakiwa wagonjwa.

Usiku mbili kabla ya kutoa damu, mimi na bibi yangu tunalala kama kaka na dada, maana tendo la ndoa nalo hupandisha PSA. Na labo iwe ileile kila mwaka. Kuhusu kidole cha daktari, anachopitisha nyuma kugusa tezi, ambacho wanaume wanakiogopa kuliko kaburi: hakikuchukua hata nusu ya sala ya Baba Yetu.

Pesa ya kipimo ndiyo iliyokuwa inatushinda, dola kumi na kitu, mahali pengine ishirini. Tuko wanne wa kwaya moja, tukaanzisha likelemba ya damu, yaani kuchangiana pesa ya kipimo, franga kidogo kila mwezi, na mwezi wa sita wote tunashuka labo pamoja. Mimi ninashika daftari, kila mtu na ukurasa wake.

Daftari hilo ndilo ninalojivunia. Mwenzetu mmoja alikuwa na 1.9, mwaka uliofuata 2.8, halafu 3.7. Labo nyingi huweka mpaka kwenye 4, kwa hiyo mara zote tatu aliandikiwa kwamba ni sawa. Karatasi ya mwaka ule ingekuwa peke yake, ningempongeza. Lakini nilizisoma tatu kwa mfuatano, nikaona zinapanda tu, na hakuwa na homa wala maumivu. Alibisha sana. Nilimfuata mpaka nyumbani kwake Nguba, jioni mbili, mpaka akakubali. Daktari aligusa kwa kidole akakuta sehemu ngumu. Wakachukua vipande kwa sindano: kansa, lakini bado iko ndani ya tezi. Kuna zile ndogo zinazofuatiliwa tu bila kukatwa. Yake haikuwa ya namna hiyo. Alipasuliwa, na huu ni mwaka wa tatu. PSA yake iko karibu na sifuri, na Jumapili anaimba besi pembeni yangu.

Mwezi wa sita tunashuka tena. Mtoto wa kwanza wa marehemu mkubwa wangu ametimiza miaka 40, nimekwisha kumfungulia ukurasa wake.