Simbilisi wa Cusco

Mimi mtu wa Mafinga, baridi na milima nilijua si vya kunitisha. Cusco ikanitia adabu. Mji huu wa Peru uko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na ngazi za hoteli tu zilinikalisha chini nikihema. Mhudumu akaniletea chai ya majani ya koka. Kichwa kikapungua kuuma, ingawa hakikuacha.

Asubuhi tulianzia uwanja mkuu, Plaza de Armas. Mwongozaji wetu, mama mmoja ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiquechua, kila jengo alilotuonyesha alitutajia kwanza lililokuwepo kabla yake. Kanisa kuu lilianza kujengwa 1560 likamalizika 1654, juu ya kasri la Wainka, waliotawala hapa kabla ya Wahispania, na mawe mengi yalibomolewa kwenye ngome ya Sacsayhuamán.

Ndani kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho, kazi ya Marcos Zapata wa karne ya 18. Kwenye sahani iliyo mbele ya Yesu yuko mnyama mdogo, kalala chali, miguu juu. "Cuy," akasema mama. Nikaropoka kwa sauti, humo humo kanisani: "Si simbilisi huyu!" Bibi yangu alikuwa nao jikoni, wanapita kati ya mafiga wakigombea maganda. Nilipomweleza, mama akacheka: kwao pia waliishi jikoni. Asili yao ni hukuhuku Andes, kwa hiyo wa bibi ndio wageni.

Qorikancha ndipo nilipomkumbuka baba, fundi uashi. Lilikuwa hekalu la jua, kuta zimevikwa dhahabu. Wahispania wakaibandua, kisha Wadominiko wakajenga nyumba yao ya utawa juu yake. Tetemeko la 1950 likaporomosha sehemu ya majengo hayo. Kuta za Wainka zikabaki zimesimama. Hazina chokaa wala udongo katikati: kila jiwe limechongwa likae na jirani yake, ukuta umeinamia ndani kidogo, milango ni mipana chini na myembamba juu. Nilipitisha kidole kwenye kiungo nikitafuta uwazi. Baba angekaa hapo mpaka wamfukuze.

Jiwe maarufu la pembe 12, mtaa wa Hatun Rumiyoc, halikunisisimua hivyo. Watu wamepanga foleni ya picha, na ukuta mzima uliobaki hauna wa kuutazama. Sacsayhuamán nilifika sina pumzi. Mawe mengine yanazidi tani 100, nami nimeshindwa kubeba begi langu.

Jioni nikaagiza cuy. Wakamleta mzima, kichwa na meno yake. Mtalii niliyekaa naye akageuza uso. Mimi nikaomba chumvi na pilipili.