Mwarobaini juu ya paa: wiki ya 3

Magunia yangu 8 ya sukuma wiki yapo juu ya paa hapa Kasarani. Sikuwa nimechuma hata mara mbili walipoingia vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani. Ukigeuza jani unawakuta wamebanana upande wa chini, kijivu kama waliopakwa majivu, na jani lenyewe limejikunja na linanata. Dawa ya dukani niliikataa kwa sababu mboga hii tunaichuma jioni na kuila jioni hiyo hiyo, na mwanangu Wanja akipita hutafuna jani bichi.

Shangazi alinitumia kilo 2 za mbegu za mwarobaini kwa basi kutoka Kilifi. Akanipigia: "Zianike kivulini, mwanangu, na iliyoota ukungu itupe." Yote mawili yana sababu. Azadirakitini, kiini cha dawa kilichomo kwenye kokwa, huharibiwa na jua, na ukungu unaweza kuleta sumukuvu.

Nilibangua maganda, nikatwanga gramu 250 za kokwa kwenye kinu, nikazifunga kwa kitambaa na kuziloweka katika lita 5 za maji usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa meupe kama tui, yananuka kitunguu saumu. Nikatia sabuni ya maji, kwa sababu jani la sukuma lina nta na maji matupu huteleza.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimimina sabuni bila kipimo, kisha nikanyunyiza saa sita mchana. Kesho yake majani ya magunia 2 yalikuwa yameungua kingo. Nilirudia na kijiko kimoja kidogo cha sabuni kwa lita 5, saa kumi na mbili jioni, nikielekeza pampu chini ya majani. Majani hayakuungua tena.

Siku ya 3 Mama Shiru alipanda kuanika nguo, akageuza jani. "Baba Wanja, si hawa bado wanatembea?"

Walikuwa wanatembea kweli, na nadhani hapa ndipo watu wengi huuacha mwarobaini mapema mno. Hauangushi mdudu papo hapo. Unamkatisha hamu ya kula na kuvuruga homoni zinazomwezesha kujivua gamba, kwa hiyo mdogo hakui na mkubwa hazai inavyopaswa. Siku ya 7 nilinyunyiza tena. Siku ya 10 majani machanga ya katikati yalikuwa yamefunguka, safi, na wale wachache waliobaki walikuwa kwenye majani makuukuu.

Mwarobaini niliujaribu kwa mbu pia, kwenye chupa 2. Nilichota viluwiluwi kwenye beseni lililosahauliwa nyuma ya tangi, nikaweka 20 kila chupa, nikafunika kwa kipande cha chandarua. Moja nilitia vijiko 2 vya maji ya mwarobaini. Siku ya 6 chupa ya maji matupu ilikuwa na pupa (hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu) waliojikunja kama alama ya mkato, na mbu 3 wamesimama juu ya maji. Ya mwarobaini ilikuwa na viluwiluwi 9 hai, wazito, hakuna hata mmoja aliyegeuka pupa. Beseni lenyewe nimelipindua. Hakuna dawa inayoshinda hiyo.

Rafiki wa Molo ameniletea pia maua makavu ya pareto. Kenya iliongoza duniani kwa kuzalisha pareto kwa miaka mingi, na dawa inayotiwa kwenye vyandarua iliundwa kwa kuiga kemikali zake. Inapiga neva za mdudu, anaanguka kwa dakika chache, kisha jua linaimaliza upesi. Lakini haichagui: nyuki hufa, samaki pia. Nimeifunga kwenye karatasi nyeusi na bado sijaigusa.

Sababu ya kutoigusa niliiona jana kwenye gunia la 5. Katikati ya vidukari kulikuwa na waliovimba, rangi ya kahawia, wakavu, wamegandamana na jani. Wawili walikuwa na tundu la mviringo mgongoni. Ni kazi ya nyigu wadogo sana, ambao hutaga yai ndani ya kidukari na mtoto wao akishakua hutoka kwa kutoboa. Nilihesabu 14 kwenye jani moja.

Gunia hilo silinyunyizii chochote wiki hii. Nimelifunga utambaa mwekundu, na Wanja ameshaambiwa majani yake hayachumwi.